Tela zinazokokotwa gizani Malindi: tupime athi kabla ya kununua balbu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonikera kila jioni ninapofunga gereji, nalo ni tela zinazokokotwa katika barabara za Malindi bila taa za nyuma, au zikiwa na taa zinazowaka kwa namna inayomdanganya dereva anayefuata. Pepo za kusi zinapoanza kulegea, maboti ya uvuvi yaliyokuwa yamepandishwa nchi kavu kufanyiwa ukarabati hurudishwa baharini, na karibu wakati huo huo wageni wa kutoka bara huteremka pwani na karavani zao za kulala, huku tela za chumvi za Gongoni na Marereni zikiendelea na safari zao kama siku zote. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na tela za kila aina huletwa kwangu zikiwa na malalamiko yanayofanana. Ninalotaka kusema ni kwamba nyingi katika hizo hazina shida ya balbu wala ya waya unaopeleka umeme. Zinakosa athi nzuri, yaani ile njia ya kuurudisha umeme kwenye betri, na kwa kuwa athi huwa ndiyo kitu cha mwisho kupimwa, mwenye tela humaliza pesa zake kwa vitu ambavyo havikuharibika, kisha hurudi barabarani na ugonjwa ule ule.

Anayeijua barabara ya Malindi kwenda Garsen anajua kwamba ukishalivuka daraja la mto Sabaki, usiku dereva hutegemea zaidi mwanga wa gari lake mwenyewe. Kando ya lami kuna waendesha baiskeli, kuna bodaboda, kuna wanafunzi na mifugo inayorudi nyumbani. Sasa fikiria gari linalokokota tela ndefu likitokea Malindi na kutaka kukata kulia kuingia njia ya Ngomeni. Dereva amewasha indiketa ndani ya gari, anaisikia ikilia, lakini nyuma kwenye tela hakuna kinachowaka, au kinachowaka ni taa zote pamoja kwa mwanga hafifu. Dereva wa matatu aliye nyuma yake anaona gari limepunguza mwendo, anadhani linampisha, anatoka kulia ili alipite. Hapo ndipo watu hufa, na anayelaumiwa ni mwendo wa kasi, ilhali kosa lilianzia kwenye bolti moja yenye kutu chini ya tela. Kitambaa chekundu kinachofungwa mwishoni mwa mzigo, ambacho wengi wetu tumekizoea, hufaa mchana tu.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka tela iwe na taa, na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo yenye jukumu la ukaguzi wa magari. Sina ugomvi na sheria. Shida ninayoiona ni kwamba mtu akikamatwa njiani kwa sababu taa ya breki ya tela haiwaki, hukimbilia duka la spea lililo karibu, hununua balbu, taa huwaka pale pale huku tela imesimama, naye huondoka akiamini kwamba mambo yamekwisha. Taa iliyowaka peke yake tela ikiwa imesimama haijathibitisha kitu.

Ili nieleweke, niruhusu nieleze jinsi umeme unavyosafiri. Plagi iliyozoeleka huku kwetu ni ile ya duara yenye pini 7, na ikifungwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 1724, pini ya 1, yenye waya wa manjano, huwa ni ya indiketa ya kushoto. Ya 2, bluu, ni ya taa ya ukungu. Ya 3, nyeupe, ni athi. Ya 4, kijani, ni indiketa ya kulia. Ya 5, kahawia, ni taa ndogo ya nyuma upande wa kulia. Ya 6, nyekundu, ni breki. Na ya 7, nyeusi, ni taa ndogo ya nyuma upande wa kushoto. Umeme hupelekwa kwa pini sita lakini hurudi kwa pini moja tu, ile ya 3, kama watu walioingia uwanjani kwa milango sita wakalazimika wote kutoka kwa mlango mmoja. Mlango huo ukiwa wazi hakuna anayeukumbuka. Ukizibwa nusu, msongamano unaanzia hapo.

Hesabu yake si ngumu. Balbu ya kawaida ya breki au ya indiketa ni ya wati 21, na kwa betri ya volti 12 hula karibu ampia 1.75. Taa ndogo ya nyuma ni ya wati 5. Dereva akiwa amewasha taa, akakanyaga breki na akaweka indiketa ya upande mmoja, tela yenye taa mbili za breki, mbili ndogo, indiketa hiyo moja na taa ya namba huwa inahitaji takriban wati 78, yaani ampia 6.5 hivi, na zote hupita katika ule waya mweupe. Kutu yenye ukinzani, yaani uzito wa kuzuia umeme usipite, wa nusu omu tu katika njia hiyo itakula zaidi ya volti mbili kabla balbu hazijapata chochote. Taa ndogo ikiwaka peke yake hutaona tofauti kubwa, kwa sababu haivuti umeme mwingi. Ndiyo maana mwenye tela huapa kwamba taa zake ni nzima, na hasemi uongo, kwani alizijaribu moja moja.

Athi ikikatika kabisa, mambo huwa ya ajabu zaidi. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili, wa wati 21 kwa breki na wa wati 5 kwa taa ndogo, na nyuzi hizo mbili hutumia athi moja kupitia kitako cha balbu. Ukikanyaga breki wakati athi haipo, umeme huingia kwa uzi wa breki, hukosa pa kutokea, kisha hurudi nyuma kupitia uzi wa taa ndogo, huingia kwenye waya wa kahawia au mweusi na kusafiri hadi kwenye gari lenyewe kutafuta athi huko. Matokeo yake ni kwamba dereva anakanyaga breki mchana, hajawasha taa yoyote, na dashibodi inang'aa kidogo. Nimewaona mafundi wakifungua swichi ya breki, wengine wakiushuku usukani, wengine wakibadilisha nyaya chini ya dashibodi ya gari zima, na gari halikuwa na kosa lolote. Mtu akiniambia kwamba dashibodi yake huwaka akikanyaga breki, na kwamba haifanyi hivyo tela ikiwa imefunguliwa, mkono wangu huenda kwanza kwenye waya mweupe.

Kuna karavani moja ambayo ningependa wasomaji waione kwa karibu. Ililetwa na familia iliyoteremka kutoka bara kupitia Tsavo na kutokea lango la Sala, njia ambayo kila aliyeipita na gari lenye nati iliyolegea anajua ilivyomfanya. Walikuwa wamekwisha kusimama katika gereji moja safarini, na huko walibadilishiwa balbu zote na kuvutiwa waya mpya wa breki kuanzia mbele hadi nyuma. Taa ziliwaka vizuri mchana huo. Jua lilipozama, wakiwa wamewasha taa, kila walipoweka indiketa taa zote za nyuma zilicheza pamoja, na kila walipokanyaga breki zilififia badala ya kuongezeka mwanga.

Nilichukua mita, nikaweka ncha moja kwenye kitako cha balbu ya breki na nyingine kwenye hasi ya betri ya gari, kisha nikamwomba mwenye gari akanyage breki huku taa nyingine zikiwa zimewashwa. Mahali hapo, mambo yakiwa sawa, mita inapaswa isome karibu na sifuri, kwa kuwa kitako cha balbu na hasi ya betri ni kama kitu kimoja. Ilisoma zaidi ya volti tatu. Nikachukua waya mrefu, nikaufunga upande mmoja kwenye hasi ya betri na upande wa pili nikaugusisha kwenye kitako kile kile, na papo hapo taa zote za upande huo zikawaka kwa nguvu zake. Jaribio hilo halihitaji chombo cha bei wala elimu ya chuo, na lingefanywa kule njiani, balbu zote zile zisingenunuliwa.

Kilichobaki kilikuwa kutafuta mahali njia ilipozibwa, na tulipata pawili. Pa kwanza, waya mweupe ulikuwa umefungwa kwa bolti kwenye chesisi karibu na kichwa cha kuvutia, yaani pale tela inaposhikana na gari, na aliyeufunga aliuweka juu ya rangi. Bolti yenyewe iliuma chuma kidogo kwa meno yake, ikatosha kwa muda, kisha vumbi na unyevu vikafanya kazi yao hadi chini ya washa, ile pete ya chuma inayokaa chini ya bolti, pakawa na kutu tupu. Pa pili palikuwa nyuma kabisa. Taa za karavani hiyo zilishikizwa kwa ribiti kwenye bati la alumini, na athi ya kila taa ilitegemea bati hilo liguse chesisi ya chuma. Alumini na chuma vikikutanishwa penye hewa ya chumvi huliana, na anayeumia ni alumini. Nilipoing'oa ribiti moja, nyuma yake palikuwa na unga mweupe mkavu ambao haupitishi umeme kabisa. Mama mwenye karavani aliniuliza, "Fundi, kwani zile balbu mpya zilikuwa na kosa gani?" Nikamjibu, "Hazikuwa na kosa, mama, hata zile za zamani hazikuwa na kosa."

Hatukuitegemea tena chesisi. Kila taa ilipewa waya wake mweupe, nyaya hizo zikakusanywa pamoja ndani ya kisanduku kisichoingia maji, na kutoka hapo waya mmoja mnene ukaenda moja kwa moja hadi pini ya 3. Pale kwenye chesisi tulisugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukaweka washa yenye meno, tukakaza, kisha tukapaka grisi juu yake. Mpangilio huo ni muhimu: grisi hupakwa baada ya chuma kugusana na chuma, ili kuzuia unyevu usiingie. Mita iliposoma tena, haikufika hata sehemu ya kumi ya volti.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu kazi nzima ilikuwa ya msasa, waya na kukaza bolti, na hakuna sehemu yake iliyohitaji spea ya kuagizwa kutoka Mombasa.

Kwa mwenye tela anayetaka kujua ugonjwa uko upande gani kabla hajamwita fundi, jambo la kwanza ni kuitenganisha tela na gari. Achomoe plagi, awashe taa za gari moja baada ya nyingine, na apime kila tundu la soketi ya gari kwa testa ya balbu, klipu ya testa ikiwa imeshikishwa kwenye tundu la pini ya 3 la soketi hiyo hiyo na si kwenye chuma kingine chochote cha gari. Testa ikishikishwa kwenye bodi ya gari itawaka vizuri hata kama athi ya soketi imekufa, na utakuwa umejidanganya mapema. Soketi ya gari ikithibitika kuwa nzima, ichukuliwe betri ya volti 12, hasi iunganishwe na pini ya 3 ya plagi ya tela, na chanya, ikipitia fyuzi, iguswe kwenye pini nyingine moja moja, kisha mbili na tatu kwa pamoja. Hapo tela inajieleza yenyewe. Indiketa ya kushoto ikiwaka pamoja na taa nyingine ambazo hukuzigusa, usitafute nyaya zilizoungana kabla hujaipima athi ya taa hiyo.

Nasisitiza testa ya balbu kwa sababu maalumu. Mita ya dijitali ni chombo kizuri, lakini yenyewe haivuti umeme wa kutajika, na waya uliooza wote ukabaki na uzi mmoja mwembamba bado utaionyesha mita volti 12 kamili. Ukiupa waya huo balbu ya wati 21 ya kuibeba, volti zinaanguka palepale. Wapo vijana wengi hodari wanaoamini namba ya mita kuliko macho yao, wakasema waya ni mzima na kuanza kuilaumu balbu. Mita itumike taa ikiwa inawaka, au inajaribu kuwaka. Kipimo kilichochukuliwa taa ikiwa imezimwa hakina faida kwa ugonjwa wa namna hii.

Jambo jingine ni imani kwamba kichwa cha kuvutia na boli yake, yaani ile tufe ya chuma iliyo nyuma ya gari, vinatosha kuwa athi kwa kuwa ni chuma kwa chuma. Boli hupakwa grisi ili isiliwe, na tela inapotembea vyuma hivyo huachana na kugusana kila mara. Taa zinazowaka tela ikisimama na kuzima ikipita tuta mara nyingi zinategemea boli, na hiyo ni dalili kwamba waya mweupe umekatika zamani bila mwenyewe kujua.

Sasa nije kwa tela za maboti, ambazo ndizo zinazoteseka kuliko zote hapa Malindi, kwa kuwa huingizwa majini zikiwa na taa zake. Ningewaomba manahodha na madereva wao washike desturi moja: plagi ichomolewe kabla tela haijarudishwa nyuma kuingia baharini, na ichomolewe mapema kidogo ili balbu zipate kupoa. Balbu iliyotoka kuwaka ikikutana na maji hupasuka. Na umeme ukiwepo kwenye nyaya zilizozama katika maji ya chumvi, shaba huliwa kwa kasi kubwa sana kuliko ingeliwa na maji hayo peke yake. Tela ikitoka, isafishwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, taa, plagi na viungo vyote vya nyaya. Lililo bora zaidi ni taa zote kufungwa kwenye ubao mmoja wa kuondoka, unaofunguliwa na kuwekwa ndani ya gari wakati boti linashushwa. Wako wanaofanya hivyo tayari, na tela zao sizioni gerejini.

Viungo vya nyaya vinahitaji maneno ya peke yake. Kusokota nyaya mbili na kuzizungushia tepu nyeusi ni kazi ya dharura ya kumfikisha mtu nyumbani, lakini nimefungua viungo vya namna hiyo vilivyokuwa vimepewa miaka. Tepu hulegea kwa joto, gundi yake huyeyuka, na unyevu wa chumvi huingia ukakaa. Ukiivua, unakuta shaba imegeuka kijani, kisha ukikata waya nyuma ya kiungo ili upate shaba safi unakuta weusi umepanda ndani ya ganda mbali na pale palipoonekana, na unalazimika kukata tena na tena. Vile vibanio vya plastiki vinavyotoboa ganda la waya ili kuiba umeme bila kukata vina kasoro hiyo hiyo, kwani tundu lile ni mlango wa maji. Kiungo cha tela ya pwani kilehemiwe au kibanwe kwa koleo lake, kisha kifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Anayeweza kupata waya wa maboti, ambao nyuzi zake za shaba zimepakwa bati, aununue, hata kama bei yake ni kubwa, kwa sababu wa kawaida utamrudisha dukani.

Kuna kundi dogo la tela ambalo ugonjwa wake hauko kwenye athi, nalo nisilipite kimya nisije nikawapotosha watu. Tela na karavani zilizotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hutumia taa moja nyekundu kwa breki na indiketa kwa pamoja, na katika plagi yao ndogo ya nyaya nne, nyeupe ni athi, kahawia ni taa ndogo, manjano ni breki na indiketa ya kushoto, na kijani ni breki na indiketa ya kulia. Magari yetu mengi ni ya Kijapani na yana waya wa breki peke yake na wa indiketa peke yake. Fundi asiyelijua hilo huunganisha waya wa breki na nyaya zote mbili za indiketa, na tangu siku hiyo indiketa ya kushoto huwasha ya kulia pia na taa za breki za gari zikacheza nazo. Kipo kifaa cha kubadilisha mfumo mmoja kwenda mwingine. Hata hivyo, kwa maoni yangu ni heri tela hiyo iongezewe taa za indiketa za rangi ya chungwa zinazojitegemea, kwa sababu dereva wa huku amezoea kusoma rangi hiyo, na taa nyekundu inayocheza usiku inaweza kumchanganya.

Wenye malori nao wakumbuke kwamba lori kubwa hutumia volti 24, hivyo tela ya volti 12 ikikopeshwa lori huunguza balbu zote kwa mara moja. Na indiketa inayolia haraka haraka baada ya kufunga taa za LED kwenye tela huwa haina kosa, ni flasha ya gari, yaani kifaa kinachoifanya indiketa iwake na kuzima, iliyotengenezwa kuhesabu mzigo wa balbu za kawaida, ikiona mzigo mdogo inadhani balbu moja imeungua. Ibadilishwe flasha. Magari ya miaka ya karibuni yenye kompyuta inayozisimamia taa yasitobolewe nyaya zake kabisa. Yafungiwe kifaa chenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, kinachochukua umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, ama sivyo gharama ya kompyuta hiyo itamshinda mwenye gari.

Ombi langu la kwanza ni kwa wauzaji wa spea. Waache kutuuzia waya wa rangi moja kwa kazi ya tela. Tela iliyovutwa nyaya nyekundu tupu kutoka mbele hadi nyuma haiwezi kusomwa na fundi mwingine, na kila atakayeigusa ataanza kwa kukata. Waya wa nyuzi saba wenye rangi zake ndani ya ganda moja unapatikana, nao huokoa muda wa kila mtu.

Kwa vyuo vyetu vya ufundi katika Kaunti ya Kilifi, ningeomba kijana anayefundishwa umeme wa magari afundishwe pia umeme wa tela, na afundishwe hapa pwani kwa kutumia taa zilizoliwa na chumvi, badala ya ubao wa darasani wenye nyaya mpya ambazo hazijawahi kuonja bahari. Kijana akishaona mara moja kwa macho yake volti zikipotea ndani ya bolti yenye kutu, hataagiza balbu kwa kubahatisha.

Kwa wakaguzi na askari wa barabarani, naomba jambo moja dogo ambalo halitawachelewesha. Wanapoitazama tela, wamwambie dereva awashe taa, aweke indiketa na akanyage breki, vyote vitatu kwa wakati mmoja, na wazitazame taa zikiwa katika hali hiyo. Ukaguzi wa taa moja moja unazipitisha tela zile zile zitakazokuwa gizani zikifika Sabaki. Na dereva afanye hivyo mwenyewe kabla hajatoka, akiwa na mtu wa kusimama nyuma, au akirudisha tela karibu na ukuta mweupe jioni na kutazama mwanga wake kwenye kioo.

Mwisho nakuomba wewe, Ndugu Mhariri, kama nafasi itaruhusu, uchapishe mchoro wa plagi ya pini 7 pamoja na rangi zake, ukubwa wa kutosha mtu kuukata na kuubandika ukutani mwa gereji. Katika mchoro huo pini ya 3 iwekewe alama nzito kuliko nyingine, na chini yake paandikwe kwa herufi kubwa kwamba hiyo ndiyo ya kupimwa kwanza.

Wako mwaminifu,
Fundi wa umeme wa magari,
Malindi